Pumu Isiyosikia Dawa

Umeandikiwa prednisoloni kwa mara ya tatu mwaka huu. Siku tano za vidonge unalala usiku kucha, unabeba ndoo ya maji bila kusimama njiani. Wiki mbili baadaye kifua kinaanza kupiga filimbi tena saa nane za usiku, na pampu ya bluu uliyonunua mwanzoni mwa mwezi inaelekea kwisha. Duka la dawa wanakujua kwa jina. Ndugu wameanza kunong'ona kwamba mapafu yameisha, au kwamba kuna mkono wa mtu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako, uwe Tukuyu kwenye mvua na ukungu, Mafinga kwenye baridi na vumbi la mbao, au Mbarali karibu na mashine za mpunga. Ombi langu ni moja. Kabla hujaomba dawa yenye nguvu zaidi, tafuta kujua kinga ya mwili wako inapambana na nini hasa. Pumu inayogoma huwa na chanzo chake ndani ya kinga, na chanzo hicho hakifanani kwa watu wote. Vidonge vinavyomwokoa mmoja vinaweza kumdhoofisha mwingine mifupa bila kumwongezea pumzi. Hatua za kwanza za kutofautisha hazikulazimu kupanda basi la Dar es Salaam kwenda Muhimbili. Anza na picha kamili ya damu, kipimo cha choo, kipimo cha makohozi, na maelezo ya kweli kuhusu kazi yako na jiko lako.

Pampu kwanza

Watafiti wa Uholanzi waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 walikuta kwamba kati ya watu wazima wenye pumu, asilimia 17 hivi walikuwa na pumu ngumu kutuliza. Walipowaondoa waliokuwa wakivuta dawa vibaya au kuruka dozi, waliobaki na pumu kali ya kweli hawakufika asilimia 4. Hiyo ni nchi ambayo mgonjwa hapungukiwi pampu. Kwetu, ambako wengi hupewa pampu dirishani bila kuonyeshwa namna ya kuitumia, naamini tofauti hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo nenda na pampu yako kliniki, umwombe muuguzi akutazame unavyoitumia. Itikise. Toa pumzi yote nje. Funga midomo vizuri kwenye mdomo wa pampu, bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta hewa polepole hadi kifua kijae, kisha zuia pumzi kwa sekunde kumi hivi. Anayebonyeza mara tatu mfululizo kwa pupa anaipaka dawa kooni, na dawa iliyobaki kooni haina msaada kwa mapafu.

Ukishindwa kuoanisha kubonyeza na kuvuta, tumia chupa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliofanywa kwa watoto waliokuwa kwenye shambulio la pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, ingiza pampu, ziba pembeni kwa gundi au utepe ili hewa isivuje. Bonyeza mara moja, kisha vuta kupitia shingo ya chupa, pumzi tano au sita za kawaida. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa sababu kufuta plastiki huifanya inase dawa kwenye kuta zake.

Sasa tazama ni pampu gani. Salbutamoli, ile ya bluu, hulegeza misuli ya mirija ya hewa kwa saa chache tu. Haigusi uvimbe uliopo ndani. Kuitegemea peke yake ni kufuta machozi ya moshi huku kuni mbichi zinaendelea kufuka. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli pekee. Dawa inayotuliza kinga ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, na njia inayopendekezwa zaidi leo ni pampu moja yenye budesonidi na fomoteroli pamoja. Huvutwa kila siku, hata siku ambayo kifua kimetulia. Sukutua mdomo kila baada ya kuivuta usije ukapata utando mweupe wa fangasi.

Kuna maneno yanayozunguka mitaani kwamba ukianza pampu huiachi, na kwamba aliyefikia kwenye pampu amefikia mwisho. Maneno haya yanaua watu. Steroidi ya pampu hupimwa kwa mikrogramu na kwenda moja kwa moja mahali panapouma. Ya kidonge hupimwa kwa miligramu na kuzunguka mwili mzima, ikipandisha sukari na presha, ikilainisha mifupa na kuleta mtoto wa jicho. Anayekwepa pampu kwa hofu ndiye anayejikuta akimeza steroidi nyingi zaidi.

Ukivuta dawa hizo sawasawa, kwa dozi ya kutosha, miezi mitatu mfululizo, na bado unaamka usiku au unakimbizwa hospitali, basi yafuatayo yanakuhusu.

Kinga inavyovimbisha mirija

Mirija ya hewa imefunikwa kwa utando laini. Utando huo ukiguswa na chavua, ukungu, virusi vya mafua, au kinyesi cha vijidudu vya vumbi vinavyoishi kwenye magodoro na mablanketi, hutoa ishara za kemikali. Mbili kati ya hizo zinaitwa TSLP na IL-33. Kwa wagonjwa wengi wa pumu ishara hizo huamsha chembe za kinga zinazozalisha IL-4, IL-5 na IL-13. IL-4 huagiza mwili utengeneze kingamwili iitwayo IgE, ambayo hujishikiza kwenye seli zenye vifuko vya histamini na kusubiri mgeni arudi. IL-5 huita chembe nyeupe zinazoitwa eosinofili kutoka kwenye uboho wa mifupa. IL-13 huongeza makamasi mazito na kufanya misuli ya mirija ibane kwa kuguswa kidogo tu. Mfumo huu wote uliumbwa kupambana na minyoo na sumu, na hilo tutalirudia kwa sababu huku kwetu lina uzito wa pekee.

Steroidi huzima njia hii vizuri. Pumu ya namna hii isiyosikia steroidi za kuvuta mara nyingi ina eosinofili nyingi kupita uwezo wa dozi, au kuna kitu kinachoendelea kuichochea kila siku.

Lakini kuna wagonjwa ambao eosinofili zao ni chache. Mirija yao imejaa nutrofili, chembe nyeupe zinazokuja kupambana na bakteria na kusafisha uharibifu wa moshi. Kemikali zinazotawala hapo ni nyingine, IL-17 ikiwa mojawapo. Steroidi hazizimi moto huu, tena hurefusha maisha ya nutrofili badala ya kuyafupisha. Kwa wavuta sigara imethibitishwa kwamba pumu yao huitikia steroidi vibaya. Mgonjwa wa aina hii anaweza kuongezewa prednisoloni kila mwezi, akanenepa uso, akapata kisukari, na kifua kikabaki vilevile.

Historia yako inaweza kukuelekeza. Pumu iliyoanza utotoni pamoja na pumu ya ngozi, macho kuwasha na chafya za asubuhi huwa ya njia ya IgE. Pumu iliyoanza ukubwani, yenye pua iliyoziba, vinyama ndani ya pua na kupoteza uwezo wa kunusa, huwa na eosinofili nyingi sana. Wenye hali hiyo wengi hupata shambulio baada ya kumeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Dawa za maumivu zinauzwa kila kona, kwa hiyo jiulize: shambulio langu la mwisho, nilikuwa nimemeza nini kwa ajili ya mgongo au jino? Ikiwa ni mojawapo ya hizo, achana nazo na mweleze daktari. Vivyo hivyo propranololi ya presha au ya moyo, na matone ya macho ya timololi.

Damu ichukuliwe kabla ya kidonge

Hapa ndipo wengi hupoteza ushahidi. Prednisoloni na sindano ya deksamethasoni hushusha eosinofili za damu ndani ya saa chache. Ukipimwa ukiwa siku ya tatu ya vidonge, karatasi itaonyesha eosinofili karibu na sifuri, na daktari atadhani pumu yako ni ya njia ile nyingine. Kwa hiyo ukifika na hali si ya kufa na kupona, sema wazi: "Daktari, naomba nipimwe picha kamili ya damu, FBP, kabla ya kuanza prednisoloni, na naomba niandikiwe idadi ya eosinofili." Hakuna daktari mzuri atakayechukia ombi hilo. Ukiwa kwenye shambulio kali, matibabu yaanze mara moja na kipimo kisubiri siku nyingine.

Kwenye karatasi usiangalie asilimia pekee. Angalia idadi kamili. Mashine nyingi huandika kwa mtindo wa 0.45, maana yake ni chembe 450 kwa mikrolita moja ya damu. Kwa mtu anayetumia steroidi ya kuvuta kwa dozi kubwa, 150 na kuendelea huashiria njia ya eosinofili, na 300 na kuendelea huipa nguvu zaidi dhana hiyo. Idadi hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo kipimo kimoja cha chini hakifungi mjadala. Rudia mara mbili au tatu kwa nyakati tofauti, na utunze karatasi zote kwenye daftari moja pamoja na tarehe ulizomeza prednisoloni.

Minyoo, na kwa nini Nyanda za Juu si Uholanzi

Vitabu vingi vya pumu viliandikwa katika nchi ambako minyoo ni nadra. Mwongozo wa huko ukikuambia kwamba IgE ya juu na eosinofili nyingi ni dalili za mzio, unasema kweli kwa watu wa huko. IgE iligunduliwa miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili, moja Marekani na jingine Sweden. Mwaka 1968 tu S. G. O. Johansson, mmoja wa wagunduzi wa Sweden, na wenzake walichapisha vipimo vya watoto wa Ethiopia. IgE yao ilikuwa juu mno, hasa wenye askarisi, ile minyoo mirefu ya tumboni. Tangu mwanzo kabisa Afrika Mashariki ilikuwa imeonyesha kwamba kipimo hiki hakisomwi bila kujua hali ya minyoo.

Fuata utaratibu huu. Pima choo, ikiwezekana zaidi ya mara moja, na utibiwe kinachopatikana. Rudia picha ya damu wiki kadhaa baadaye. Eosinofili zikishuka na kifua kikatulia, umejifunza jambo kubwa. Zikishuka na kifua kikabaki vilevile, umejua kwamba namba za mwanzo zilikuwa zinakudanganya. Kutoa minyoo hakuponyi pumu, lakini kunasafisha picha ili isomeke.

Kuna mnyoo mmoja ambao lazima uujue kwa jina kabla ya kumeza steroidi kwa muda mrefu: strongiloidi. Huingia kwa kupenya ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye unyevu na kinyesi, na tofauti na wenzake una uwezo wa kuzaliana ndani ya mtu na kuishi naye kwa miongo. Kinga ikiwa nzima huudhibiti usizidi. Kinga ikishushwa na prednisoloni au deksamethasoni, mnyoo huu huzaliana bila mipaka, hutoboa utumbo na kusambaa mwilini, mapafu yakiwemo. Mgonjwa huonekana kama pumu imezidi, huongezewa steroidi, na hapo hufa. Kipimo cha kawaida cha choo huukosa mara nyingi, na dozi moja ya albendazo haiumalizi. Ivermektini ndiyo dawa yake. Mkulima wa bonde la Kyela au mashamba ya mpunga ya Mbarali anayekaribia kuwekwa kwenye steroidi za kila siku anastahili kuulizwa habari hii na kutibiwa kwanza. Kama umewahi kumeza ivermektini katika kampeni za usubi au matende, mwambie daktari mwaka uliomeza.

Kyela ina historia ya matende na mabusha. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) waliwafuatilia watu wa huko, na mwaka 2016 walichapisha katika Lancet kwamba waliokuwa na minyoo ya matende waliambukizwa VVU kwa kiwango cha mara mbili hivi ya wasio nayo. Ninautaja utafiti huo kwa sababu unaonyesha, kwa watu wa mkoa huohuo, kwamba minyoo huhusiana na mabadiliko katika kinga nzima ya mtu. Minyoo hiyohiyo, kwa watu wachache, huamsha kinga ndani ya mapafu kupita kiasi. Mgonjwa hukohoa na kupiga filimbi usiku, eosinofili hupanda zaidi ya 3,000, steroidi humpa nafuu isiyokamilika, naye huitwa mgonjwa wa pumu sugu. Tiba yake ni dawa ya matende, diethilikabamazini. Usiinunue mwenyewe! Rungwe ni eneo la kale la usubi, na dawa hiyo ikimezwa na mwenye usubi huleta mchafuko mkali wa mwili na inaweza kuharibu macho. Hilo ni la daktari kupanga.

Neno fupi pia kwa wa Mbozi na vijiji vya Mbeya ambako nguruwe wamezoea kuzurura. Kama una historia ya kifafa au maumivu makali ya kichwa, itaje kabla ya kupewa prazikwanteli au albendazo kwa dozi kubwa, kwa sababu mabuu ya tegu yaliyo kwenye ubongo yanaweza kuvimba yanapokufa.

Vumbi la kazini, moshi wa nyumbani

Mafinga kuna kiwanda cha kusindika pareto, na maua yake hulimwa kwenye vilima vya Mbeya, Iringa na Njombe. Pareto ni ndugu wa alizeti, na vumbi la maua yake makavu linajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi, mafua na pumu kwa wanaolishughulikia. Hapo kazi ni ya IgE. Kwa vumbi la kahawa mambo huchanganyika. Gloria Sakwari wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzake walipima viwanda vya kahawa nchini, wakakuta vumbi lenye endotoksini, yaani sumu inayotoka kwenye kuta za bakteria, na wafanyakazi wenye dalili nyingi za kifua kuliko wasiofanya kazi hiyo. Endotoksini huita nutrofili. Ndivyo pia inavyoweza kuwa kwenye pumba za mpunga pale Igurusi na kwenye magunia ya mahindi yaliyopata unyevu. Vumbi la mbao za misonobari kutoka Sao Hill nalo lina wake linaowatesa.

Jipime mwenyewe. Kifua kinakuwaje Jumapili? Kinakuwaje ukisafiri wiki mbili kwenye msiba au likizo? Kikitulia ukiwa mbali na kubana ukirudi, kazi yako ni mshukiwa wa kwanza. Kama kliniki ina kipimo cha mkononi cha nguvu ya pumzi, omba kuazima au nunua chako. Puliza asubuhi na jioni, wiki mbili ukiwa kazini na wiki mbili ukiwa nje, uandike namba. Pumu ya kazini hupona zaidi ikigunduliwa mapema na mtu akahama kwenye vumbi. Akikaa nalo miaka, mirija hukakamaa na hata akiacha kazi hairudi ilivyokuwa. Mwombe daktari aandike kazi yako kwenye faili, maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unashughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa aliyejiajiri hakuna mfuko wa kumkimbilia. Abadilishane zamu ya kupepeta na mwenzake, amwage maji sakafuni kabla ya kufagia, na avae barakoa inayobana usoni badala ya khanga.

Nyumbani, adui mkubwa ni jiko la kuni lililo ndani ya chumba cha kulala au ubavuni mwake. Juni na Julai, baridi ya Uyole na Mufindi inapouma, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mbali na hatari ya kufa kwa gesi ya kaboni monoksidi usingizini, moshi huo unawasha mirija usiku mzima. Katika miezi hiyohiyo virusi vya mafua hupita nyumba hadi nyumba, na kinga ya mwenye pumu mara nyingi huchelewa kuvidhibiti kwenye mirija. Ukihitaji joto, ongeza blanketi, lakini lile lililokaa sandukuni tangu mwaka jana lifue kwa maji ya moto na ulianike juani kwanza.

Usiite kila kitu pumu

Kifua kikuu kipimwe kabla ya steroidi za muda mrefu, kwa sababu steroidi huiamsha TB iliyolala. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert na matibabu yake hutolewa bure. Na aliyewahi kuugua TB akapona anaweza kubaki na mirija iliyopanuka na makovu, akapiga filimbi maisha yake yote bila kuwa na pumu. Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa TB Sequel, uliofuatilia mapafu ya watu baada ya tiba ya TB, kwa hiyo jambo hili si geni kwa wataalamu wa huko.

Ukikohoa vipande vigumu vya rangi ya kahawia, picha ya kifua ikaonyesha madoa yanayohama, na GeneXpert ikarudi haina TB, uliza kuhusu ukungu aina ya aspajilasi. Kwa baadhi ya wenye pumu ukungu huo huota kwenye makamasi ya mirija, na kinga huushambulia kwa IgE na eosinofili hadi mirija yenyewe inaharibika. Wapo waliomezeshwa dawa za TB mara mbili kwa sababu ya hali hii. Tiba yake ni tofauti kabisa na ya TB.

Kuhusu VVU nitasema bila kuzunguka. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya kwa watu wazima, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Wengi walio kwenye dawa zenye dolutegraviri hawana tatizo na pampu za pumu. Ila ukiwa kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri, dawa hiyo huzuia ini kuvunja budesonidi na flutikasoni. Dozi ndogo ya pampu hujilimbikiza mwilini, uso ukavimba na tezi za juu ya figo zikalala. Beklometasoni ni salama zaidi hapo. Wahudumu wa kliniki ya VVU (CTC) na wa kliniki ya kifua mara nyingi hawaoni faili moja. Wewe ndiye unayebeba habari kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na kunyamaza kwa aibu kunaweza kukugharimu.

Kama tayari umemeza prednisoloni kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, usiikate ghafla. Tezi zilizolala zinahitaji muda kuamka, na anayekata kwa mkupuo anaweza kuzimia kwa presha kushuka. Na dawa ya kienyeji ya unga inayofungua kifua kwa saa chache na kuongeza hamu ya kula, itilie shaka kwamba imechanganywa na steroidi.

Dawa zinazolenga kinga yenyewe

Huenda umesikia kuna sindano mpya. Zipo kweli, na historia ya mojawapo inafundisha kwa nini nimekusumbua na picha ya damu. Mepolizumabu huzuia IL-5. Mwaka 2000 watafiti walichapisha kwamba iliondoa eosinofili kwenye damu lakini pumu haikubadilika, na wengi wakaikatia tamaa. Mwaka 2009 makundi mawili, la Leicester huko Uingereza na la Hamilton huko Kanada, yaliijaribu kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu eosinofili zao ziligoma kushuka licha ya steroidi. Mashambulio makali yalipungua sana, na kundi la Leicester lilipata upungufu wa karibu nusu. Dawa ilikuwa ileile, na mwaka 2015 iliidhinishwa Marekani. Omalizumabu inayoshika IgE ilitangulia mwaka 2003. Zikafuata benralizumabu, dupilumabu, na mwaka 2021 tezepelumabu inayozuia TSLP.

Bei ya dawa hizi Marekani ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na maelekezo yake yenyewe yanataka minyoo itibiwe kabla ya kuanza. Kwa mgonjwa wa Ilula au Chunya leo si chaguo la kupangia maisha. Lakini Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Bruce Kirenga, kiliongoza mradi wa pumu kali uliokusanya wagonjwa wa Uganda, Kenya na Ethiopia ili kujua pumu yetu ni ya aina gani kikinga. Dawa hizi zikishuka bei, watakaofikiriwa kwanza ni wenye kumbukumbu zinazoonyesha eosinofili zao, minyoo yao iliyotibiwa na mashambulio yao kwa tarehe. Daftari lako lina thamani kuliko unavyodhani.

Kwa pumu ya nutrofili, utafiti wa Australia wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba azithromaisini ya miligramu 500 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 48, ilipunguza mashambulio. Ilisaidia wenye eosinofili pia. Usiende kununua dawa hiyo ujitibu mwaka mzima. Lazima kwanza maambukizi ya jamii ya TB yaondolewe shaka na moyo upimwe, na usugu wa bakteria tayari ni tatizo kwetu.

Ukishapita hatua zote hizi, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa Iringa, na barua itaje dawa na dozi zake, mara ngapi umemeza prednisoloni mwaka huu, eosinofili kwa tarehe, majibu ya choo, ya GeneXpert na ya VVU, na kazi yako. Omba spairometri, yaani kupuliza kwenye mashine kabla na baada ya salbutamoli.

Usiku wa shambulio

Kaa wima. Vuta salbutamoli kwa chupa, mbonyezo mmoja mmoja, minne hadi kumi. Rudia kila baada ya dakika 20 ndani ya saa ya kwanza huku usafiri ukitafutwa. Anayeshindwa kumaliza sentensi, ambaye midomo imebadilika rangi, aliyeanza kusinzia, au ambaye filimbi ya kifua imenyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua, asisubiri dakika hizo 20 ziishe. Atoke mara moja, na dawa iendelee njiani. Kutoka vijiji vya juu vya Kilolo au Busokelo barabara ni ndefu na mvua huikata, kwa hiyo kubaliana mapema na mwenye bodaboda au gari ambaye simu yake haizimwi usiku, na namba yake iandikwe ukutani mahali ambapo hata mtoto anaweza kuisoma.